Vijiti Kumi na Moja Mezani

Shemeji yangu, mke wa kaka, amefanya kazi miaka ishirini na mbili katika ofisi ya maendeleo ya uchumi ya mkoa, na kwa muda mrefu nyumbani kwetu hakuna aliyejua hasa anafanya nini. Majirani wakimuuliza mama yetu, alikuwa anajibu, "Mkwe wangu anaendeleza." Wakiuliza anaendeleza nini, anasema, "Mkoa," halafu anawakaribisha chai.

Mimi ni seremala. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikauka mdomoni. Kuandika ni afadhali, maana karatasi haikutazami usoni. Nilikuwepo tangu mwanzo wa habari hii, na baadhi ya makosa yake nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo naweza kuisimulia.

Shemeji alianza kazi kwa kupeleka fomu. Alizunguka na begi lililojaa karatasi, anaingia dukani, anauliza, "Changamoto yako kubwa ni ipi?" Watu wote walijibu neno moja: mtaji. Mwenye duka mtaji, mshona viatu mtaji, hata mtu aliyelala usingizi kwenye kiti chake mchana kutwa, akiamshwa, anasema mtaji. Shemeji akaandika "mtaji" mara mia nne mpaka kalamu ikaisha wino.

Siku moja alikuwa kwa mwenye mashine ya kusaga, msaidizi wake hakufika, na yule bwana akamwambia, "Mama, kama una haraka ya majibu, nishikie gunia kwanza." Akashika gunia mpaka jioni. Akarudi nyumbani mweupe kama mzimu, kaka akaruka mlangoni. Lakini pale mlangoni kwa msagaji alikuwa ameona kitu ambacho fomu haikuuliza. Palikuwa na ngazi tatu. Wanawake wenye mikokoteni walifika, wakazitazama zile ngazi, wakageuza na kwenda kwa msagaji mwingine ng'ambo ya barabara. Kesho yake shemeji alirudi na fundi mwashi, wakamwaga zege, ngazi zikawa mteremko. Mwezi uleule yule bwana akaajiri msaidizi wa pili.

Tangu hapo fomu zikabaki kwenye begi. Kila mtu ambaye shemeji anataka kumsaidia, kwanza anamfanyia kazi siku nzima. Ameshona vifungo, ameosha chupa, amebeba ndoo za maziwa. Kaka, ambaye ni kinyozi, alikuwa anamwambia, "Mke wangu, njoo uwakate nywele wateja wangu wawili, labda na mimi nitaendelea."

Usidhani kila kitu kilimwendea vizuri. Ulikuja mradi wa matofali. Vijana thelathini walifundishwa kufyatua matofali ya udongo, na mimi nikapewa kazi ya kutengeneza kalibu za mbao, zile za kutilia udongo. Matofali yalitoka mazuri, sawasawa kama mapacha. Lakini mwaka huohuo barabara kubwa ikakamilika, malori yakaanza kuleta matofali ya saruji, na wajenzi wote wakahamia huko. Ya kwetu yakabaki rundo moja kubwa nyuma ya ofisi ya mkoa, mbuzi wakawa wanapanda juu kuota jua. Shemeji akapewa jina la Mama Tofali. Jina hilo lilimfuata sokoni, ofisini, mpaka kwenye harusi. Kalibu zilirudishwa nyumbani kwake kwa mkokoteni, na kaka, ambaye hapendi kitu kikae bure, akazijaza udongo, akapanda vitunguu.

Miaka sita baadaye ndipo shemeji alipoingia mtaa wetu wa maseremala.

Alikuwa amesimama kando ya barabara akitazama malori. Asubuhi lori lilipita limebeba mbao zetu, linatoka. Jioni lilipita lingine, linaingia, limebeba madawati ya shule yaliyofungwa kamba. Akaja moja kwa moja karakanani kwangu.

"Shemeji," akasema, "hivi miti yetu ikisafiri inapata nini huko ambacho haipati hapa?"

"Vanishi," nikasema. Ndilo neno pekee lililonijia.

Akacheka, lakini wiki ileile alikwenda kwa mkuu wa ofisi yake. Mkuu huyo ni mtu mnene, mpole, anayependa mihuri. Mkoa ulikuwa unahitaji madawati mia tisa. Shemeji akaomba yatengenezwe mtaani kwetu. Mkuu akamtazama kwa muda mrefu, kwa sababu kutoka dirishani kwake lile rundo la matofali lilionekana vizuri.

"Nipe sitini ya mfano," akasema. "Siku ishirini na moja. Yawe sawasawa yote, maana shule hazitaki dawati la mrefu na dawati la mfupi. Yakiwa mazuri, mia tisa ni yenu. Yakishindikana, agizo linakwenda kiwandani, na wewe, mama yangu, utakwenda masjala ukapange majalada. Sitaweza kukutetea mara ya pili."

Shemeji hakutuficha. Alikuja kutusomea masharti yote, na la masjala pia. Tulikuwa karakana kumi na moja, na nyingi zilikuwa zinakaa wiki mbili bila kugonga msumari. Mia tisa kwetu ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

"Mama Tofali," akasema fundi mmoja tunayemwita Msumari, kwa sababu ni mwembamba na ana maneno ya kuchoma, "safari hii mbuzi wataota jua juu ya madawati?"

"Mkiyatengeneza vibaya, ndiyo," shemeji akamjibu. "Angalau watakaa kwenye viti."

Kwanza, kabla siku zetu ishirini na moja hazijaanza kuhesabiwa, akatufanyia kazi, siku moja kila karakana. Alipiga msasa. Alifunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye gogo, akasugua mbao mpaka nyusi zikajaa vumbi. Msumari akamwambia mikono ya kalamu itatoka malengelenge. "Yakitoka," akasema, "nitayaandikia ripoti."

Huku akisugua alikuwa anasikiliza, na alisikia kila fundi akitumia neno moja: kipimo. "Mguu wa kitanda, kipimo kimoja na nusu." "Meza hiyo, vipimo viwili kasoro robo." Tepu za chuma tunazo, lakini tepu ni ya kupimia chumba cha mteja. Kazi yenyewe tunaipima kwa kijiti chenye alama za kisu, kirefu kidogo kupita mkono wa mtu kutoka kiwikoni. Kila fundi alipewa kijiti chake na aliyemfundisha, siku alipomaliza kujifunza. Mtu anaweza kukuazima randa yake, hata nyundo. Kijiti hakiazimwi.

Shemeji akapendezwa sana. Alipokwenda kuchora dawati, hakuandika sentimita. Aliandika kwa lugha yetu: miguu kipimo kimoja na robo, mbao za kuungia kipimo kimoja, benchi vipimo vitatu. Akagawa kazi ili iende haraka. Karakana nne zikapewa miguu, tatu mbao za kuungia, mbili ubao wa juu, mbili benchi. Tulipoiona ile karatasi tulifurahi kupita kiasi. Karatasi ya serikali inayosema kipimo! Mzee Randa, ambaye ni mkubwa wetu wote na hasomi bila kupewa miwani ya jirani, aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu mwanamke ametuheshimu."

Basi tukafanya kazi siku kumi na mbili. Mtaa mzima ulinguruma. Siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi, tukabeba vipande vyetu mpaka kwenye ghala tupu nyuma ya ofisi ya mkoa. Shemeji alikuwa ametandika turubai sakafuni na kuweka makopo ya vanishi kwa mstari.

Dawati la kwanza liliposimama likayumba kama mlevi. Tukaligeuza, likayumba upande wa pili. La pili halikusimama kabisa, maana ulimi wa mbao haukuingia kwenye tundu lake. La tatu ulimi uliingia na kuzamia, ukatokea ng'ambo.

"Nani katengeneza miguu hii?" akauliza Msumari.

"Mimi," akasema Mzee Randa. "Na haina kosa. Kosa ni sakafu."

"Mzee, sakafu hii ni ya saruji."

"Saruji nayo imemwagwa na mtu."

Kelele zikaanza. Wa miguu waliwalaumu wa mbao za kuungia, hao wakawalaumu wa benchi, na kila mmoja akaapa kwamba amefuata karatasi neno kwa neno. Shemeji alisimama katikati na ile karatasi mkononi, anaitazama kama barua ya msiba. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wangu mmoja na mguu mmoja wa Mzee Randa. Nikaisimamisha pamoja. Wa kwake ulizidi wangu kwa upana wa kidole na nusu.

Sikuweza kusema. Nikatoa kijiti changu mfukoni, nikakilaza mezani. Nikamnyooshea Mzee Randa mkono. Alinikazia macho, kisha akatoa chake, akakilaza mwenyewe ubavuni mwa changu. Chake kilikuwa kirefu zaidi.

Msumari akaja na chake, kikawa kifupi kuliko vyote viwili. Mmoja mmoja wakaja, mpaka vijiti kumi na moja vikalala mezani kwa mstari, vimepanda na kushuka kama meno ya mzee. Hakuna viwili vilivyolingana.

Miaka yote ile hatukujua. Tungejuaje? Kila mtu alikuwa anatengeneza kitanda chake mwanzo mpaka mwisho, kwa kijiti kimoja, na kitanda kinakubaliana na chenyewe. Hakuna aliyewahi kuutia mguu wake kwenye kitanda cha mwenzake.

Msumari ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye turubai, na kicheko kikatuambukiza sote. Shemeji alicheka pia, lakini machozi yake yalichelewa kukauka kuliko yetu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilisikia kipimo mara kumi na moja, nikadhani ni kimoja. Haya, leteni tepu."

Tepu zililetwa nne. Moja ilikuwa imevunjika mwanzoni, mwenyewe anaanzia kwenye saba na kutoa kichwani. Nyingine ilikuwa ya kitambaa na imevutika. Na Mzee Randa akakunja mikono. Namba ndogo haoni, na hata angeziona, alisema, hawezi kukata mguu kwa tepu huku kijiti cha bwana wake kimelala pale kama kimehukumiwa. Wengine wakamuunga mkono. Kukubali kwamba kijiti chako ni kibovu ni kumwita aliyekufundisha mwongo, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Kila mmoja alikuwa tayari kufuata kijiti kimoja, mradi kiwe chake.

Mkuu wa ofisi akapita wakati huohuo. Aliangalia madawati matatu yaliyolala chali. "Zimebaki siku tisa, mama," akasema kwa upole, na upole ule ulituuma kuliko ukali.

Saa saba mchana shemeji akaniambia twende kwake tukale. Tulimkuta kaka uani anavuna vitunguu, binti yao wa darasa la tano anamshikia beseni.

"Mbona mmenuna?" kaka akauliza.

"Baada ya siku tisa mwenzio anahamia masjala," shemeji akasema, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Kaka akaipindua kalibu moja, udongo ukatoka kipande kizima cha mraba, na kitunguu kimekaa juu kama kofia. Akaipindua ya pili. Kipande kingine, vilevile. Shemeji akainua kichwa. Akavitazama vile vipande viwili, akaninong'oneza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Shemeji, ulipotengeneza hizi kalibu, wale vijana walikuwa wanapima kila tofali?"

"Hapana."

"Nani alikuwa anapima?"

"Hakuna. Nilipima kalibu ya kwanza tu. Nyingine zote nilizifuatisha hiyo."

"Kwa hiyo tofali halina haja ya kujua vipimo vyetu."

"Halina. Linajaza kalibu tu."

Akasimama kwa nguvu, ndoo ikabingirika mpaka getini. "Mguu wa dawati nao ujaze kalibu! Sanduku, ukitia mguu, uliozidi unakatwa, palipo na tundu panatobolewa. Mtu akae na kijiti chake mfukoni."

Kaka alishika kitunguu chake mkononi. "Na hiyo kalibu ya kwanza mtaipima kwa kijiti cha nani?"

Tungetumia changu, Mzee Randa asingekubali. Tungetumia chake, Msumari angetuimbia mwaka mzima. Shemeji alizunguka ua mara mbili, kisha akamtazama binti yake.

"Wewe, kaa kwenye kreti lile. Miguu chini. Kaa kama unaandika."

Mtoto akakaa. Nikapiga magoti, nikaweka alama kwenye ubao mahali goti lilipokunjika, na nyingine mahali kiwiko kilipofika.

"Baba Mdogo," akasema, "mbona unanipima kama jeneza?"

"Tulia, unapimwa dawati."

"Basi lishushe. La shuleni linanifika kidevuni, naandika kama naogelea."

Tukatazamana mimi na shemeji. Vijiti vyote kumi na moja vilikuwa vya vitanda na meza za watu wazima. Hata tungefaulu kulinganisha, tungetengeneza madawati sitini mazuri ya kukaliwa na akina Mkuu. Tukaita watoto wengine wanane wa mtaani, wakubwa kwa wadogo, tukachukua katikati yao. Na tulipolinganisha na vipande vilivyolala ghalani, karibu vyote vilikuwa virefu mno. Hiyo ilikuwa habari njema. Ubao mrefu unakatwa, mfupi ndio hauna dawa.

Siku mbili nilitengeneza kalibu, kumi na moja, na shemeji akipiga msasa. Alizipeleka mwenyewe, karakana kwa karakana. Kwa Mzee Randa alikwenda nami.

"Hii imetokana na kijiti cha nani?" mzee akauliza kabla hata hajaigusa.

"Si cha mtu, mzee wangu. Ni magoti ya watoto tisa."

"Magoti?"

"Na viwiko."

Mzee akachukua mguu mmoja, akaulaza ndani ya kalibu. Ukazidi upana wa vidole vitatu. Akachukua msumeno, akakata, akaulaza tena. Ukaingia kimya. Akapapasa kwa kidole gumba kile kijistari pembeni kisichopitisha hata karatasi.

"Kwa magoti nakubali," akasema. "Lakini Msumari asije akadhani nimekubali kwake."

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, madawati sitini yalikuwa ghalani kwa mistari sita, yananuka vanishi. Mkuu alipita katikati yake, anakalia hili, anasukuma lile. Hakuna lililoyumba. Akafika kwenye mstari wa mwisho, akasimama.

"Naomba mfungue mguu wa dawati hili," akasema, "muutie kwenye lile la kule mwanzo. Na wa kule muulete hapa."

Shemeji alinishika mkono wa shati. Mguu wa mstari wa mwisho ulikuwa wa Mzee Randa, wa mstari wa kwanza ulikuwa wangu. Msumari akafungua, akavuka ghala na mguu begani kama bunduki. Ulimi ukaelekea tunduni. Akaugonga mara moja kwa kiganja, si kwa nyundo. Ukaingia.

"Mkuu," akasema Msumari, "ukitaka tunaweza kubadilisha na wa meza yako."

Mkuu akacheka kwa tumbo zima. Akavuta karatasi mfukoni, akaagiza wino uletwe, na pale pale, juu ya dawati la kwanza, akagonga mihuri mitatu. Mmoja ungetosha, lakini alikuwa amefurahi. Madawati mia tisa yakawa yetu. Shemeji akaitazama ile mihuri, akaingia nyuma ya rundo la matofali ambapo alidhani hatumwoni, akaruka juu mara mbili kama msichana.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mikoa miwili jirani imeagiza pia, na karakana zimekuwa kumi na sita. Vijiti vyetu kila mtu amerudi na chake, na vitanda bado tunavipima hivyohivyo. Masjala shemeji anaingia kuchukua majalada tu, halafu anatoka. Wiki hii yuko kwa washona mashati ya shule, anashona vifungo, na nimesikia kwamba swali lake la kwanza lilikuwa, "Futi zenu za kupimia ziko wapi? Zote ziwekeni mezani."

Wamempokea vizuri. Jina ni lilelile, Mama Tofali, na sasa akiitwa anageuka kabla hawajamaliza. Anayelalamika ni kaka peke yake. Tulichukua kalibu zake tisa ili nifuatishe namna ya kuunga kona, na mpaka leo hatujazirudisha. Kila nikienda kunyoa ananishikia wembe shingoni, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, vitunguu vyangu vinakaa wapi?"